Picha ya Ndege na Tafsiri ya Mjomba

Sisi wa Vingunguti hatuhitaji saa kujua kwamba ndege ya jioni imefika. Zile zinazoshuka kwenda Uwanja wa Julius Nyerere hupita juu yetu karibu sana hata mabati hutetemeka, na mtu aliyekuwa akisema hunyamaza mpaka ipite, kisha huendelea na neno lake palepale alipoliacha.

Chini ya kelele hizo mjomba wangu, ndugu yake mama, alikuwa na kibanda cha kuonyesha picha, yaani kibanda umiza kama tuviitavyo. Kilikuwa na mabenchi sita, televisheni moja, na pangaboi lililozunguka kwa kusitasita. Kiingilio kilikuwa shilingi 200. Lakini mjomba hakuonyesha picha tu, alizitafsiri. Alikaa kando na kipaza sauti, akawasemea wachezaji wote, wanaume kwa wanawake, kwa mtindo ule uliompa Lufufu sifa katika Dar es Salaam nzima. Palipotokea jambo lisilofaa watoto, alisimama mbele ya televisheni akatupa mawaidha mpaka lipite.

Picha iliyopendwa kuliko zote ilikuwa Airplane!, ya Marekani, iliyotolewa mwaka 1980. Hadithi yake ni hii: ndege inatoka Los Angeles kwenda Chicago. Abiria waliochagua samaki badala ya nyama wanaugua, na marubani nao wanaugua. Basi hapana budi ndege ishushwe na kijana aliyewahi kuwa rubani wa vita, ambaye sasa huogopa ndege hata kuitazama.

Kwa mjomba ndege ile ilitoka Mwanza, na samaki walikuwa sangara. Daktari mwenye mvi alimwita Daktari Mvi. Rubani wa pili, mtu mrefu kupita kiasi, alimwita Hasheem Thabeet, yule kijana wetu wa mpira wa kikapu aliyekwenda kucheza Marekani. Ndege ya picha ile ni ya jeti, lakini hunguruma kama ndege ya mapanga. Mjomba alisema mwenye mali kabana matumizi, kafunga injini ya Bajaji. Tulicheka mpaka machozi. Naye hakucheka hata mara moja.

Miaka ilipita. Kila mtu akawa na picha zake katika simu, na mjomba akafunga kibanda. Mimi nikafaulu kuingia sekondari, na sasa nipo kidato cha tatu. Likizo iliyopita nikamkuta amelileta lile santuri la picha sebuleni, amewaalika majirani na watoto wao, na kipaza sauti kipo mkononi. Nilifurahi sana, nikakaa mbele.

Lakini, wasomaji wapenzi, masikio yangu hayakuwa yale ya zamani. Sasa nilisikia Kiingereza. Nikasikia kwamba daktari anasema hivi na mjomba anasema vile. Mnarani wanazungumza habari za ukungu, na mjomba anawasemesha habari za bei ya sangara. Kwanza nilivumilia. Kisha kiburi cha elimu ndogo kikanipanda kichwani, nikasema kwa sauti, mbele ya watu wote, "Mjomba, hasemi hivyo! Unatunga tu."

Watoto wakacheka, ila safari hii hawakuicheka picha. Mjomba alinitazama, akakiweka kipaza sauti juu ya meza taratibu, akasema, "Haya, mwanangu. Wewe umesoma, tafsiri wewe."

Nikajaribu. Mhusika mmoja akasema neno la Kiingereza lenye maana ya "hakika", na daktari akamjibu kwa uso mkavu kwamba asimwite jina hilo, kwa kuwa kwa Kiingereza neno hilo hutamkwa karibu sawa na jina la mwanamke, Shirley. Nilieleza haya yote kwa urefu. Nilipomaliza, picha ilikuwa imekwisha kupita mbali, na hapana aliyecheka. Majirani wakaanza kuaga mmoja mmoja.

Usiku ule usingizi haukuja upesi, kwa maana nilikumbuka jinsi mjomba alivyopatafsiri mahali palepale zamani. Kijana husema, "Daktari, bila shaka unatania!" Na daktari hujibu, "Sitanii, wala sikuja bila Shaka. Shaka yuko nyuma, anatapika." Alijuaje kwamba mahali pale pana mchezo wa neno, na jina la mtu ndani yake?

Asubuhi nikaenda kwake. "Shikamoo, mjomba." "Marahaba." Nikamwomba radhi, kisha nikamwuliza. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mimi niliishia darasa la saba. Mengi nilitunga, hukusema uongo. Lakini pale niliona watu wa picha wamenyamaza kama wanangoja kitu, nikajua pana kitu. Nikamfuata mzee mmoja aliyefanya kazi uwanja wa ndege, jioni tatu mfululizo, mpaka akanifahamisha. Halafu nikakaa wiki nzima nikimtafuta Shaka."

Sikuwa na la kumjibu.

Niliporudi shuleni nilimweleza mwalimu wetu wa Kiingereza, naye akanisaidia kusoma habari za picha ile. Nilistaajabu kujua kwamba nayo yenyewe ni tafsiri ya namna yake. Abrahams na ndugu wawili wa ukoo wa Zucker, walioitengeneza, walinunua haki ya picha ya zamani isiyo na mzaha, Zero Hour! ya mwaka 1957, wakachukua maneno yake mengi kama yalivyo. Kisha wakawaita wachezaji waliojulikana kwa kazi nzito: Robert Stack aliyezoeleka kama mpelelezi, Lloyd Bridges kama mpiga mbizi, Peter Graves kama mkuu wa majasusi, na Leslie Nielsen, ndiye Daktari Mvi wetu, aliyekuwa nahodha wa meli iliyopinduka katika The Poseidon Adventure ya mwaka 1972. Waliambiwa waseme kama kwamba hapana mzaha wowote. Marehemu King Majuto wetu alikuwa akituchekesha kwa uso kabla ya kusema neno. Hawa walichekesha kwa kuuzuia uso. Wote wanne wamekwisha kufariki dunia, Nielsen akiwa wa mwisho, mwaka 2010.

Ndipo nilipofahamu kwa nini mjomba hakucheka kamwe pale kibandani. Alikuwa kazini.

Likizo ijayo nimemwomba aionyeshe tena, nami nimejitolea kuwaita majirani mwenyewe. Nitakaa benchi la nyuma. Wanafunzi wenzangu, elimu ni taa, lakini taa haikuwekwa ili kumulika macho ya mtu aliyekushika mkono gizani. Na ndege ikipita juu ya mabati, sote tutanyamaza, kisha mjomba ataendelea palepale alipoachia.