Kikombe Kisichonywewa

Tangu utotoni nilifahamu kuwa mnara wa kumbukumbu ni jiwe refu lililozungushiwa kamba. Wakuu huweka mashada, nasi wananchi hutazama kwa mbali. Sherehe ikiisha, jiwe hubaki likikumbuka kwa niaba yetu, nasi hurejea majumbani kusahau.

Fikra hiyo ilinitoka niliposoma habari za Bukirasazi, nchini Burundi, karibu na mto Ruvubu. Mwanzoni mwa mwaka 2020 Tume ya Ukweli na Maridhiano ilifukua makaburi sita ya halaiki katika eneo la Karusi, ikatoa mabaki ya watu 6,032 waliouawa mwaka 1972, mwaka ulioangamiza walimu na wanafunzi wengi. Baadhi yao walitambuliwa kwa nguo, miwani na rozari. Mahali kama hapo pajengwe nini?

Nilikumbuka baraza ya marehemu baba. Mzee mmoja alipofariki, muuza kahawa aliendelea siku kadhaa kummiminia kikombe chake, kwa mazoea. Hakuna aliyethubutu kukinywa.

Kumbe Aida Šehović, msanii mzaliwa wa Bosnia, amefanya vivyo hivyo kuwakumbuka wanaume na wavulana zaidi ya 8,000 waliouawa Srebrenica mwaka 1995. Hakuchonga sanamu. Kuanzia mwaka 2006 alikusanya vikombe vidogo vya kahawa. Kila tarehe 11 Julai, kila mwaka katika mji mwingine, wapita njia walivijaza na kuviacha uwanjani bila kuvinywa. Mwaka 2020 vikombe hivyo vilifika Srebrenica kwenyewe. Kazi hiyo inaitwa Što te nema, yaani "Mbona hupo?"

Burundi nayo ni nchi ya kahawa, lakini sisemi iige vikombe vya watu. Ina wafu wa mwaka 1972, ina na wafu wa mwaka 1993, na wako wanaochelea kwamba kumlilia wa jirani ni kumsahau wa kwao. Jiwe husema maneno ya aliyeliandika. Kikombe hujazwa na mkono wowote, na anayekijaza hana budi kuinama.

Kwa hiyo, ndugu walimu, tunapowapeleka wanafunzi mbele ya mnara, tusiwaulize tu ulijengwa lini na nani. Tuwaulize pia wao wangeweka nini hapo, na kwa ajili ya nani.