Huli nyama? Basi chunga kikombe chako

Ikiwa unaishi Umoja, Kayole, Dandora au Buruburu, yamkini una jirani asiyegusa nyama, au labda jirani huyo ni wewe mwenyewe. Wasabato walifungua misheni yao ya kwanza nchini huko Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka wa 1906, na wajukuu wengi wa waumini wale leo wamepanga nyumba katika mitaa hii yetu. Kanisa lao halijaharamisha kila nyama, lakini huhimiza chakula cha mimea, na wapo walioitikia wito huo kikamilifu. Eastleigh nako wako Waethiopia wa Kanisa la Orthodoksi, ambao hufunga nyama, maziwa na mayai kwa siku 55 kabla ya Pasaka. Ongeza Marasta, ambao imani yao Mahakama Kuu iliitambua kuwa dini mwaka wa 2019, na wale wanaofunga kama Danieli kila Januari. Naam, ni umati mkubwa, hata kama moshi wa nyama choma pale Burma hautakuonyesha hivyo.

Nayaandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Dada yangu na mumewe ni Wasabato, na nyama haijapikwa jikoni mwao kwa miaka mingi. Binti yao yuko sekondari. Muhula mmoja alianza kulalamika kwamba ngazi za kufika orofa ya nne zamshinda, kichwa chamuuma, na darasani macho yanajifunga yenyewe. Mamake alidhani ni uvivu wa ujana. Kisha akamfumania akitafuna odowa, yale mawe laini yanayouzwa sokoni, ambayo wengi hudhani ni ya wajawazito pekee. Hapo akashtuka, na kwa haki. Hamu ya kula udongo au barafu aghalabu huandamana na ukosefu wa madini ya chuma mwilini. Damu ilipopimwa, hemoglobini yake ilikuwa 9. Kwa mwanamke asiye mjamzito, haifai kushuka chini ya 12.

Ukazuka mjadala mkali. Shangazi yake akasema, "Mpeni mtoto maini, Mungu ataelewa." Shemeji yangu akanyamaza, uso umekunjamana. Msichana mwenyewe ndiye aliyejibu.

"Shangazi, mimi silazimishwi na mtu. Hata mkiniwekea hayo maini mezani, sitayala."

Jawabu hilo nililiheshimu, na ndilo lililonituma kuuliza wanaojua: je, ni lazima mtoto huyu achague kati ya imani yake na damu yake?

Si lazima. Sahani ya dada yangu haikuwa maskini. Kikombe kimoja cha kamande zilizochemshwa kina zaidi ya miligramu 6 za chuma, ilhali gramu 100 za nyama ya ng'ombe zina kama mbili na nusu hivi. Tatizo ni kwamba chuma cha nyama hupokewa na mwili kwa urahisi, lakini cha mimea husitasita mlangoni, na sehemu ndogo tu ndiyo huingia. Tena mwanamke wa umri wa kuzaa huhitaji miligramu 18 kwa siku kwa sababu ya damu anayopoteza kila mwezi, hali mwanamume hutosheka na 8. Ndiyo maana kaka yake, anayekula chungu kimoja naye, anacheza kandanda jioni nzima bila kuhema.

Na hicho kidogo kinachotaka kuingia, sisi wenyewe twakifungia mlango kwa kikombe. Nani kati yetu hali githeri au chapati kwa ndengu huku chai ya maziwa ikifuka mvuke kando? Chai ikinywewa pamoja na chakula hupunguza chuma kinachopokewa kwa zaidi ya nusu, na maziwa hayaiondolei makali hayo. Wasabato wengi hawanywi majani ya chai, na hapo wana bahati. Lakini nyumbani kwa dada yangu kilichochukua nafasi ya chai ni kakao, kila mlo, na kakao nayo ina tabia iyo hiyo. Sasa wanaisubirisha saa moja au mbili baada ya kula. Kwangu mimi, badiliko hilo moja lashinda mahubiri yote ya mboga.

Badala ya kikombe, weka kachumbari. Nyanya mbichi na limau vina vitamini C, ambayo hukifungulia chuma cha mimea mlango. Mapera, yale tunayoyadharau kama tunda la watoto, yana vitamini hiyo mara kadhaa kuliko machungwa. Sukuma, terere na managu ni mboga nzuri, ila tukizichemsha hadi zigeuke rangi, vitamini C nyingi huwa imepotea. Maharagwe yakilowekwa usiku kucha na maji yakamwagwa, hupungukiwa na vile vitu vinavyoshikilia chuma, na makaa nayo hubaki. Uji wa wimbi uliochachuka una faida hiyo hiyo, sawa na injera ya Waethiopia. Unga wa pakiti nao, kwa sheria ya mwaka wa 2012, sharti uongezwe chuma. Wa kusiaga posho mill ni mtamu, sikatai, lakini usiutegemee kwa hilo.

Na ikiwa una karai la chuma, lisikae likingojea mandazi tu. Utafiti uliofanywa Ethiopia na kuchapishwa mwaka wa 1999 katika jarida la Lancet ulionyesha kwamba watoto waliopikiwa katika vyungu vya chuma waliongezeka damu kuliko wa sufuria za alumini. Bitiruti? Rangi yake ndiyo iliyoipa sifa. Chuma chake ni kidogo.

Hata hivyo, damu ikishafika 9, kachumbari haitoshi. Mpwa wangu alipewa tembe za chuma, na baada ya miezi mitatu akafika 11.6. Bado anazimeza, kwa maji au maji ya machungwa. Choo huwa cheusi, na hilo lisikutishe. Usizinunue kabla ya kupimwa, kwani malaria, minyoo na selimundu pia hupunguza damu. Wajawazito hupewa kliniki.

Jirani mmoja aliuliza kama tembe hizo hazivunji mfungo. Chuma chenyewe ni madini, hakina mnyama ndani yake. Lakini dawa za kapsuli mara nyingi huvishwa jelatini, inayotokana na ng'ombe au hata nguruwe. Kwa hiyo mwambie mapema mwenye duka la dawa kwamba huli nyama, na uitishe tembe kavu.