Hati za Jirani
Jirani yangu hapa Warszawa alikimbia Kharkiv mwaka 2022 na mtoto, begi moja na simu. Vyeti vilibaki kabatini. Lakini Ukraine ilikuwa imezindua programu ya Diia mwaka 2020, na humo alikuwa na kitambulisho, leseni, hata njia ya kuripoti nyumba iliyobomolewa. Nilimwonea wivu: mama yangu Kigoma huweka hati zetu kwenye sanduku la bati uvunguni.

Desemba 2024 wadukuzi wakavamia kanzidata za serikali ya Ukraine. Usajili wa vizazi, ndoa na mali ukasimama.

“Nyumba yangu bado ni yangu?” aliniuliza.

Sikuwa na jibu. Siku hizi yeye huchapisha kila hati. Mama naye nimemwomba azipige picha zetu.