Shehena Haipumui

Kuishi kwingi ni kuona mengi, walinena wahenga. Mzee anayesimuliwa hapa alikuwa ameishi miaka 61 na mengi alikuwa ameyaona, ila aliyaona akiyapita. Kwa miaka 23 aliendesha gari la mkate kutoka Nakuru. Siku tatu za juma alishika barabara ya Subukia hadi Nyahururu. Siku nyingine akateremka Mogotio na Marigat hadi Kampi ya Samaki, ukingoni mwa Ziwa Baringo. Alitoka saa kumi alfajiri, akashusha kreti dukani, akahesabu kreti tupu, akatiwa sahihi kwenye daftari, akageuza gari. Ziwa lilikuwa pale pale, likianza kumeremeta kwa jua la asubuhi, naye hakuwahi hata siku moja kuketi kando yake. Mkate hausubiri.

Alipostaafu mwaka 2021, mwajiri wake alikuwa akiyauza magari makuukuu. Mzee akanunua moja kwa sehemu ya kiinua mgongo chake: Toyota Hiace ya dizeli, isiyo na madirisha ubavuni. Jamaa zake walifurahi, wakidhani ataligeuza matatu au ataanza kubeba mboga. Alipotamka kwamba nia yake ni kutia kitanda ndani, alale humo na mkewe penye ziwa, palizuka zogo. Nduguye mdogo aliuliza iwapo nyumba ya mawe yenye vyumba vitatu imeingia kunguni. Kejeli hiyo haikutoka hewani. Kwa watu wa rika lake, anayelala garini ni dereva wa lori aliyesimama Salgaa, utingo anayelinda mzigo, au mtu aliyeshindwa na kodi. Anayekesha nje ni bawabu. Kulala nje kwa hiari, tena kwa gharama, ni mambo ya watalii. Mkewe ndiye aliyekata shauri. "Baba watoto," alisema, "miaka yote hiyo umenisimulia ziwa. Sasa nipeleke nikalione."

Yamkini hakuna yeyote katika zogo lile aliyejua kwamba gari la kulalia lililo mashuhuri kuliko yote lilitokana na mkokoteni wa mizigo. Mwaka 1947, Mholanzi Ben Pon alizuru kiwanda cha Volkswagen mjini Wolfsburg, Ujerumani, akaviona vigari tambarare ambavyo wafanyakazi walivitumia kusafirishia vipuri. Akachora katika daftari lake kisanduku chenye magurudumu manne. Gari lilianza kuundwa mwaka 1950, na mwaka 1951 kampuni ya Westfalia ikatoa samani za kutiwa ndani yake, zilizoweza kuondolewa ili gari lirudi kazini baada ya mapumziko. Wapenzi wa isimu watafurahi kukumbuka kwamba ni gari hilo lililokiachia Kiswahili neno kombi, ufupisho wa neno la Kijerumani Kombinationskraftwagen, yaani gari la matumizi mseto. Mseto huo unaopatanisha mzigo na mtu umo katika jina tangu mwanzo. Kuupatanisha katika bati ni kazi nyingine.

Fundi aliyepewa kazi alikuwa na karakana ya wazi mjini Nakuru. Ufundi wake aliupata Nairobi, alikokuwa akikata na kuinua paa za magari ya utalii ili wageni wasimame na kuwatazama simba. Alitaka kuliinua paa la gari hili pia. Mzee akakataa: kila tundu linalotobolewa kwenye bati ni mlango wa kutu, na fedha zilikuwa na mwisho. Kwa hiyo walibaki na chumba cha urefu wa takriban mita 3, upana wa mita moja na nusu, na kimo kisichofika mita moja na nusu. Mtu mzima huingia humo akiwa ameinama kama aingiaye zizi la mbuzi.

Walianza kwa kubomoa. Rafu zilipong'olewa, makombo ya mkate ya miaka mingi yalimwagika kutoka kwenye mifuo ya sakafu, na nyuma yake mende. Juu ya magurudumu ya nyuma palikuwa na kutu. Fundi akaikata, akachomelea bati jipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu. Sakafu ikatandikwa plaiwudi. Kuta zikajazwa vipande vya sponji vilivyobaki kwa watengeneza magodoro, kisha zikafunikwa kwa plaiwudi nyembamba iliyopakwa rangi ya maziwa. Kitanda kilijengwa kwa vyuma vya mraba na kufungwa kwa bolti kwenye sakafu. Kiliwekwa kwa urefu wa gari, maana upana haukutosha kunyoosha miguu ya mzee. Chini yake kreti sita za mkate ziligeuzwa saraka za nguo na vyombo. Hilo lilikuwa wazo la mzee mwenyewe, na hadi leo ndilo jambo zuri kupita yote katika gari lile.

Kiwambo cha bati kati ya viti vya mbele na sehemu ya mizigo kiliachwa. Mlango wa buti la nyuma, kama ilivyo katika magari mengi ya mizigo, haukuwa na kifungulio kwa ndani. Mlango wa ubavuni ulikuwa nacho, lakini fundi alikifunika kwa plaiwudi ili ukuta uwe laini. Mzee alitazama, akasifu. Mlango ule alikuwa ameufungua mara zisizohesabika, na hakuwahi hata mara moja kuufungua akiwa ndani.

Safari ya kwanza ilikuwa Nyahururu, Julai 2022, katika uwanja wa kupigia kambi karibu na maporomoko ya maji ya Thomson. Mji huo uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Julai baridi yake huingia mifupani. Walipika nje kwa jiko la makaa, wakala, wakanywa chai. Mvua ilipoanza, mama akaliinua jiko akaliingiza garini, kama afanyavyo mama yeyote jikoni kwake, makaa yakiwa yamebaki majivu na macho machache mekundu. Mzee akauvuta mlango kwa ukingo wake ili matone yasiingie. Mlango ukateleza, ukajifunga.

Jikoni kwao, Nakuru, mna upenyo kati ya ukuta na mabati, na hewa huingia na kutoka bila kualikwa. Gari la mkate limezungushiwa mpira kila mlango ili vumbi lisiuguse mkate. Mama aliamka usiku akiwa na maumivu makali ya kichwa na kichefuchefu. Akamwita mumewe, mumewe akajibu kwa sauti ya mlevi, naye pombe haonji. Akapapasa mlango. Mikono yake ikakutana na plaiwudi laini. Akapapasa buti, bati tupu. Ndipo akaikamata sufuria na kuanza kulipiga gari ubavuni. Aliyeufungua mlango ni bawabu wa kambi, aliyekuwa akikesha chini ya turubai na koti lake kuukuu, mmoja wa wale wanaolala nje.

Binti yao ni muuguzi. Aliwaeleza alichokuwa amekiona mara nyingi wodini katika miezi ya baridi. Makaa yanayoelekea kuzimika hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na hewa hiyo hung'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Anayeivuta hahisi kukabwa, husinzia tu. "Baba," alisema, "mama asingeamka, msingeamka." Hakuongeza neno. Nduguye mzee aliongeza mengi, na yote yaliishia kwa neno moja: uza.

Mzee alirudi karakanani kwa hasira. Fundi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akajitetea kwa utulivu. "Mzee wangu, mimi sikuliunda. Hili ni gari la mizigo. Mzigo haufungui mlango."

Utetezi huo haukuwa halali, kwani fundi ndiye aliyekifunika kifungulio. Hata hivyo, kauli yake ilibeba ukweli kuliko alivyokusudia. Wengi wanaoyageuza magari ya namna hii huanza na mapambo: rangi, mapazia, taa za kunyonga. Huliona gari kama nyumba ndogo inayongoja samani. Si nyumba. Ni sanduku lililobuniwa na watu waliofikiria kitu kisichopumua, kisichotoka jasho, kisichohisi joto wala kutaka kutoka. Sponji ukutani ilikuwa mfano mwingine wa kosa lile lile. Watu wawili wanaolala usiku kucha, kila mmoja hutoa kwa pumzi na ngozi yake takriban kikombe kizima cha maji au zaidi. Mvuke huo hukutana na bati la baridi ukageuka matone. Plaiwudi ilipong'olewa baada ya safari moja tu ya Nyahururu, sponji ilikuwa na unyevu, na mwaka mmoja baadaye bati lingeoza kwa ndani bila mtu kujua.

Kazi ikaanza upya, safari hii kwa kuuliza swali moja penye kila pembe: mtu afanya nini hapa? Kifungulio kikafunuliwa na kupakwa rangi nyekundu. Buti likatiwa kifungulio cha ndani. Kiwambo kikakatwa ili aliye kitandani aweze kutambaa hadi kiti cha dereva. Paa, ambalo mzee alilitetea sana, likatobolewa hatimaye kwa ajili ya tundu la hewa lenye feni ndogo, na kingo za tundu zikasuguliwa, zikapakwa rangi na kuzibwa kwa gundi ya mpira. Ubavuni pakatiwa madirisha mawili ya kuteleza yenye nyavu. Sponji ikatupwa, mahali pake pakabandikwa povu lisilonywa maji. Makaa yakapigwa marufuku. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukajengewa kabati lenye tundu sakafuni, kwa kuwa gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa na ikivuja hutambaa chini; na hata hiyo gesi ni ya kupikia nje. Betri ya pili ikawekwa kwa ajili ya feni na taa, na fyuzi yake ikafungwa karibu kabisa na betri. Kitambuzi cha hewa ile isiyo na harufu, kidogo kama kiberiti cha familia, kikapigiliwa karibu na mto. Masuala ya ukaguzi na kubadilisha maandishi ya hati za gari kwa NTSA yalichukua muda wake, na mwenye kuyajua hahitaji kusimuliwa.

Gari lilirudi nyumbani Oktoba. Mama hakulikaribia. Alipita mbali nalo akienda kuanika nguo, na mumewe hakumshurutisha. Alichofanya ni kuchukua blanketi lake na kwenda kulala humo peke yake, uani, mlango ukiwa wazi. Majirani walisema la kusema: mzee amefukuzwa chumbani. Usiku wa kwanza mama alizima taa mapema. Usiku wa nne pazia lake lilikuwa wazi. Usiku wa saba alitoka, leso mabegani, akaingia garini bila salamu. Akaufunga mlango. Akaufungua. Akaufunga tena, akaufungua gizani kwa mkono wa kushoto, akiwa amefumba macho. Akafanya vivyo hivyo kwa buti. Kisha akamwambia mumewe asogee.

Waliteremka Baringo Februari 2023. Gari lilinukia mkate mara joto lilipopanda. Inaelekea harufu hiyo haitatoka kamwe. Karibu na ufuo mzee alisimamisha gari, akanyosha kidole majini, kwenye migunga iliyokauka ikiwa imesimama ziwani kama nguzo. "Duka lilikuwa pale," alisema. Mama alitazama maji matupu. Katika muongo uliotangulia ziwa lilikuwa limepanda mwaka baada ya mwaka, na mwaka 2020 likameza nyumba, maduka na hoteli za ukingoni. Mahali alipopapigia picha moyoni kwa miaka 23, pa kuegesha na kuketi, palikuwa chini ya maji. Waliegesha juu zaidi, kati ya mawe.

Jioni mlinzi aliwaonya. Viboko hupanda usiku kula nyasi, na mtu asithubutu kushuka, mlango ufungwe. Mzee alimtazama mkewe. Mama alikitazama kifungulio chekundu, kisha tundu la paani, feni yake ikizunguka polepole, kisha nyavu za madirisha, ambako mbu walikuwa wameanza kujaribu bahati yao. Akauvuta mlango yeye mwenyewe.

Viboko walikuja. Walisikika wakizing'oa nyasi karibu na gurudumu la nyuma, pumzi zao nzito zikipenya nyavuni, na wale wawili ndani wakikaa kimya kama watoto waliojificha. Wakati fulani mama alicheka kidogo.

Saa kumi alfajiri mzee aliketi kitako ghafla, akaanza kutafuta viatu vyake gizani.

"Lala, baba watoto," mkewe alimwambia. "Leo hakuna mkate."