Mkia wa "Sheni"

Mkazi wa Temeke au Kinondoni hungoja basi kituoni, lakini treni huipandia stesheni. Maneno yote mawili ni yake, ila hayakuzaliwa pamoja. Stesheni, kama operesheni, limetujia kwa Kiingereza kutoka Kilatini, ambamo shina lake ni kusimama. Kituo latokana na kutua: msafiri aweka mzigo chini. Hatusemi mgeni afukuzwe. Amekwisha pewa mkeka. Bali tukumbuke mwaka 1967. Azimio la Arusha na utaifishaji wa benki, kwa Kiingereza, yote huishia na mkia huo wa "sheni", sisi hatukuuazima. Mwananchi alilielewa neno, ndipo akaweza kulikubali jambo au kulihoji. Tuendelee hivyo: litakalomgusa raia, tulipe kwanza jina analolielewa.