Ngazi Tatu za Bustani

Katika likizo ya Aprili nilikwenda na jamaa zangu kupunga upepo katika bustani ya kaunti yetu. Ndugu zangu walipanda baiskeli, nami nikamsukuma Nyanya. Tangu alipopooza miguu hutumia kiti cha magurudumu, na kila nirudipo nyumbani kutoka bwenini kazi ya kumwendesha ni yangu.

Tulipofika mlangoni tulikuta ngazi tatu za saruji. Nyanya akasema, "Ingieni tu, mjukuu wangu. Mimi nitazilinda baiskeli." Basi tukaingia. Tulicheza na kula muda wa saa mbili, naye akakaa kando ya barabara akitazama magari. Tulipotoka aliniuliza kama ule mkuyu mkubwa wa tangu ujana wake ungalipo. Niliona haya sana, kwa kuwa sikuutazama.

Baada ya siku chache lilibandikwa tangazo la kuwaita wananchi watoe maoni yao juu ya mpango wa kutengeneza njia za bustani hiyo. Katiba yetu ya mwaka 2010 imetia bustani za namna hii mikononi mwa serikali za kaunti. Tena kifungu cha 54 chasema ya kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuweza kufika mahali pote ipasavyo. Hayo niliyasoma darasani ili nifaulu mtihani. Sikupata kufikiri ya kuwa yamhusu Nyanya.

Nikachukua utepe nikaenda kuzipima ngazi zile. Kimo chake zote pamoja ni sentimita 45. Wajenzi wana kanuni: kila sentimita 1 ya kupanda yataka sentimita 12 za urefu, ili kiti kisukumike bila taabu. Basi 45 mara 12 ni 540. Kumbe mteremko wa saruji usiofika hata mita 6 ndio uliomzuia Nyanya!

Mkutanoni tulionyeshwa mpango: njia mpya, taa na viti. Mteremko haukuwamo. Nilisimama miguu ikinitetemeka, nikaisoma hesabu yangu. Mzee mmoja akasema gharama hiyo ni kwa ajili ya watu wachache. Kabla sijamjibu, mama mmoja mjamzito akasema ya kuwa hata yeye ngazi zile humtesa. Ndipo karani akaandika.

Nilipita bustanini kabla ya kurudi nyumbani. Nyanya hakuniuliza habari za mkutano; aliuliza, "Na mkuyu?" Safari hii niliweza kumjibu: ungalipo, na chini yake pana kivuli kizuri.

Mpaka naandika haya ngazi zingaliko, maana kuandika si kujenga. Walakini sijakata tamaa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alipinga jengo la orofa 60 lisijengwe katika Uhuru Park, Nairobi, na halikujengwa. Yeye alitaka bustani isichukuliwe. Sisi twataka mlango upitike kwa kila mtu.

Wanafunzi wenzangu, mkiona tangazo la namna hiyo wakati wa likizo, msilipite. Nendeni, na mchukue utepe wa kupimia.