Alizeti Fupi za Kansas

Mwulize mtoto wa Nairobi alizeti ni nini, naye huenda akakujibu kuwa ni mafuta ya kupikia. Lakini huko Kansas, katikati ya Marekani, alizeti ni fahari ya watu wote. Tangu mwaka 1903 ndiyo ua rasmi la jimbo hilo.

Nilifika mjini Wichita mwishoni mwa Septemba kumtembelea dada yangu. Hayo ni majira ya majani kupukutika, na bustani nyingi zilikuwa zimeanza kukauka. Jumamosi dada alinipeleka kwa gari hadi vilima vya Flint Hills. Nyasi zilitufika kifuani, rangi yake kama shaba. Mawe yaliyojaa ardhini humo yaliwashinda wakulima wa zamani kulima, ndiyo maana mbuga hiyo ikanusurika. Mwaka 1996 sehemu yake ilifanywa hifadhi ya taifa.

Kando ya njia tuliona alizeti za mwituni, majani membamba kama utepe, mashina yakimpita mtu kimo. Alizeti ya shambani hupandwa kwa mbegu na kufa msimu uo huo. Hii sivyo. Baridi ikija, shina hunyauka, lakini mizizi hubaki hai chini ya theluji na kuchipua tena mwaka unaofuata.

"Hii ndiyo iliyonikosanisha na mwenye nyumba," dada akaniambia.

Mama alipofariki, dada hakuweza kusafiri kuja mazishini. Akapanda alizeti hiyo karibu na mlango, kwa kuwa Mama hakukosa alizeti nyuma ya jiko lake. Ikarefuka, upepo ukailaza njiani, na mwenye nyumba akaamuru ikatwe.

"Siku ile nililia, ndugu yangu, kana kwamba msiba ni wa jana."

Baadaye muuza miche alimwonyesha aina fupi za mmea huo huo. Iitwayo 'Low Down' hufika magotini tu. 'Autumn Gold' huizidi kidogo, nayo 'First Light' humfika mtu mzima kifuani. Zote huchanua maua mengi ya manjano yenye kitovu cheusi, wakati siku zinapofupika na maua mengine yamekwisha.

Kwa wenye jamaa katika nchi za baridi, dada ana mashauri haya. Ipandwe penye jua la saa sita au zaidi kwa siku, pasipotuama maji. Isipewe mbolea nyingi, maana italegea na kuanguka. Kila baada ya miaka michache shina lake ligawanywe wakati wa kuchipua. Aliye na ile ndefu aikate nusu mwanzoni mwa Juni. Itatoka fupi, yenye matawi mengi.

Tuliporudi jioni, nilizikuta za dada mlangoni, zimejaa nyuki. Nilitamani kubeba kipande cha mzizi, lakini mimea haivushwi mipaka bila kibali. Tena kwetu hakuna baridi ya kuilaza, wala siku zetu hazifupiki sana.

Nilirudi na picha tu. Baba aliitazama kitambo, kisha akaitundika jikoni, karibu na dirisha linalotazama nyuma.